Vioo Vitatu Kwenye Ukuta wa Mjerumani

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Picha ya Ndege, Kibaha, alishusha chokaa kwenye kiwanja chake, na mafundi wakaanza kuizima kwa maji kwenye pipa lililokatwa nusu. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, kibarazani kwangu, namsuka mteja. Nikasikia ule mchemko, vuuu, kama mtu amemwaga maji kwenye jiko la mkaa. Kisha harufu ikavuka barabara ikanikuta. Harufu ya joto, ya vumbi lililolowa, ya jiwe lililokasirika. Nikamwacha mteja na nusu kichwa, nikavuka.

"Dada, vipi, unatafuta kibarua?" fundi mmoja akaniuliza.

"Hapana. Nimekuja kunusa tu."

Wakatazamana. Mwenzake akasema, "Huyo ana mimba. Mke wangu alikuwa hivyohivyo, kila nyumba mpya anataka kulamba ukuta."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Sina mimba. Nilikuwa na Bibi, na Bibi ndiye alikuwa ananuka vile, mikononi, mwaka ule nilioishi naye ukishapita Maneromango, kwenye kijiji chenye kanisa la zamani ambalo sasa halipo. Tumemzika Bibi juzijuzi tu. Nilisimama pale kando ya pipa mpaka mteja akaja kunivuta kwa mkono.

Nilipelekwa kwake kwa sababu Mama alikuwa amejifungua mapacha, na chumba chetu cha Kibaha kilikuwa kimoja. Nilikuwa darasa la nne. Niliambiwa ni likizo, lakini nilipoona begi langu limewekwa na sweta nikaanza kushuku. Kule hakuna baridi. Mtu anayekwenda likizo habebeshwi nguo zake zote. Basi nilifika nikiwa tayari nimeshajifunza kwamba watu wazima wanasema hiki na kufanya kile, na macho yangu yalikuwa wazi kama ya paka.

Bibi, mama yake mama, alikuwa mwembamba, mwepesi, mwenye maneno makali na mkono laini. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya mume? Umechelewa, ameshakufa." Ndiye aliyefagia kanisa na kutunza ufunguo. Ufunguo wenyewe ulikuwa mrefu kama kijiko cha uji, mweusi, na aliufunga kwenye pindo la kanga yake. Alilala nao. Alipokohoa usiku nilisikia chuma kikigonga ubao wa kitanda. Mwinjilisti alikuja na kuondoka, wazee wa kanisa walichaguliwa na kubadilishwa, lakini ufunguo ulikuwa wa Bibi, na kabla yake wa baba yake. Akipita njiani watu walisema, "Shikamoo mwenye kanisa," naye akaitikia marahaba bila kucheka, kwa sababu kwake haikuwa utani.

Kanisa lenyewe sikuwahi kuona jengo la namna ile Kibaha. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba nikikaa dirishani mgongo wangu ukagusa upande mmoja, miguu ilinyooka na bado haikufika upande wa pili. Madirisha yalikuwa membamba kwa nje, kama mdomo wa mtu anayenong'ona, lakini kwa ndani yalipanuka. Juu ya kila dirisha mawe yalipangwa kwa upinde, yameshikana yenyewe kwa yenyewe bila nondo wala ubao. Nje, ukuta wa upande wa bondeni uliegemewa na nguzo nne nono za mawe, pana chini, nyembamba juu. Niliziita miguu. Niliamini kanisa liliwahi kutembea likafika pale likachoka. Nusu ya mbele haikufanana na nusu ya nyuma. Nyuma ilikuwa mawe ya Mjerumani, mbele ilikuwa bloku za saruji, iliyoongezwa baadaye waumini walipozidi. Ukisimama pembeni uliona mstari walipokutana, kama shati lililotiwa kiraka cha kitambaa kingine.

Na kwenye ukuta uleule wa miguu, katikati, palikuwa na mlango uliozibwa. Upinde wake wa mawe ulionekana wazi, lakini chini yake pameshindiliwa mawe madogo na kupigwa lipu. Mlango usiofunguka. Hebu niambie, mtoto gani atapita pale kila siku asiulize kuna nini?

Rafiki yangu Zaituni alikuwa na majibu yote. Familia yao ni ya pale tangu enzi, Waislamu wa shamba la minazi na duka la chumvi na mafuta ya taa. "Madirisha yale," aliniambia, "Mjerumani alikuwa anatolea bunduki. Ndiyo maana nje membamba." Nikamwuliza mlango je. Akatazama huku na huku. "Mali."

Wasiokulia kwetu huenda hawajui. Kila palipo na jengo la Mjerumani, watu wanaamini amezika kitu. Alikimbia vita, wanasema, akaacha rupia na dhahabu, akaweka alama: msumari kwenye mti, jiwe lililochongwa, mkorosho wa pekee. Wilaya yetu nzima ya Kisarawe ina mashimo ya watu waliokuwa na uhakika. Na mimi, jamani, nilivyo na kichwa cha ndoto, ile mali niliitumia yote usiku uleule. Nilimjengea Mama nyumba yenye madirisha ya upinde, na kila pacha nikampa chumba chake, ili nirudi.

Tatizo ni kwamba nilianza kumwona Bibi.

Siku ya kufagia ilikuwa Jumamosi. Lakini Jumanne na Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, wakati kijiji kizima kimelala kwa joto na hata kuku wamejibanza chini ya uchaga, Bibi alijitwika beseni lililofunikwa kanga, akashuka kanisani.

"Bibi, nikusindikize?"

"Kaa ulinde muhogo."

"Muhogo hauibwi, Bibi."

"Basi kaa uulinde usitembee."

Alirudi saa kumi, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, kucha zimepasuka. Alijipaka mafuta ya nazi kimyakimya. Nikiuliza, alisema alikuwa anapangusa. Nikasema moyoni, vumbi gani hilo jeupe? Na beseni linakwenda zito, linarudi jepesi. Mtu anayeiba anakwenda na chepesi anarudi na kizito, hilo nililijua. Lakini anayeficha?

Nilimweleza Zaituni. Alhamisi iliyofuata tukazunguka kwenye mihogo mpaka chini ya dirisha la upande wa pili, linaloutazama ukuta wa bondeni. Zaituni alipanda mgongoni kwangu kwanza. "Mimi kuingia kanisani bibi yangu atanichapa," alisema, "lakini kuchungulia hakujakatazwa." Kisha zamu yangu. Bibi alikuwa ndani, kwenye ule mlango uliozibwa, ameweka sikio ukutani. Alikuwa na jiwe dogo mkononi. Anagonga, anasikiliza. Ko. Ko. Ko. Anasogea. Ko. Ko. Po.

Pale aliposikia po alifumba macho. Kisha akauambia ukuta, nilimsikia kabisa, "Ngoja kidogo. Ngoja kidogo tu, mama."

Nilidondoka kutoka mgongoni kwa Zaituni kama gunia.

Wiki ileile Bibi alipeleka kanisani pazia lake zuri, jeupe, lililotariziwa ndege wawili, akalitundika palepale. Mwinjilisti, kijana mpole aliyekuja kutoka bara, akamsifu mbele ya watu wote kwa kupamba nyumba ya Bwana. Bibi akatazama miguu yake. Nilikuwa benchi la watoto, na niliiona ile sura. Ndiyo sura niliyokuwa naiweka mimi nikiulizwa nani amekula sukari.

Jumamosi moja alinichukua nikamsaidie kufagia, akanionya nisikaribie pazia. "Kuna nge." Sawa. Alipotoka kwenda kuchota maji, nilihesabu mpaka kumi, nikalifunua.

Hapakuwa na nge. Palikuwa na lipu mpya, nyeupe, imepakwa kwa vidole, mistari ya vidole inaonekana. Ilianzia juu ya upinde wa mlango ikashuka imepinda mpaka sakafuni, kama mto kwenye ramani ya shuleni. Na juu ya mto ule, kwa kukatiza, palikuwa na vipande vitatu vya kioo cha chupa ya kijani. Kimoja juu, kimoja katikati, kimoja usawa wa kifua changu. Kila kimoja kimeshikizwa ncha zake mbili kwa chokaa, kama vifungo vya koti.

Alama! Nikaingiza kucha chini ya kile cha chini, nikabandua upande huu, nikabandua na ule, kikatoka kizima. Nikakitia ndani ya soksi. Bibi aliporudi nilikuwa nafagia chini ya mimbari huku naimba.

Alasiri Zaituni alikishika juani. Jua lilipita, likamwekea doa la kijani shavuni. "Vilikuwa vitatu?"

"Vitatu."

"Basi ni magunia matatu," akasema, na wote tukanyamaza kwa heshima.

Jumapili asubuhi Bibi alitangulia kanisani kama kawaida yake. Nilipofika nilimkuta ametoka nyuma ya pazia, uso umekuwa kama majivu. Alinitazama. Akanitazama tena. Kisha akaanza kuyaburuta mabenchi ya upande wa bondeni, peke yake, kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akayahamishia upande wa pili. Watu wakaja, wakajibana.

"Mama, kulikoni?" mwinjilisti akamwuliza.

"Nyuki. Wameingia ukutani."

"Mbona siwasikii?"

"Wamelala. Wewe ukihubiri nani hasinzii?"

Kanisa zima lilicheka, na mwinjilisti naye, maskini, akacheka. Lakini mimi nilijua hakuna nyuki. Nge wa uongo, nyuki wa uongo. Sasa anawafukuza watu ili abaki na mali peke yake, niliwaza. Na mimi ananilisha kisamvu kila siku, na Mama analala na mapacha chumba kimoja. Hasira ya mtoto ni kitu kibaya, hasa ikiwa na mahesabu ndani yake.

Ndipo akaja Mjomba Elia.

Mjomba Elia, kitinda mimba wa Bibi, aliishi Kibaha na alikuja na pikipiki yake kila baada ya wiki kadhaa, na biskuti. Nilimpenda kuliko mtu yeyote. Kichwa chake kilikuwa kama changu, kila mara alikuwa karibu kutajirika: mara kufuga sungura, mara kuuza mbao, mara uyoga. Alinikuta nimekaa kando ya kisima, akauliza mbona nimenuna. Sikumjibu kwa mdomo. Nilivua soksi.

Alikigeuzageuza kile kioo muda mrefu. "Kilikuwa wapi?"

Nikamwambia yote. Kugonga, po, beseni, pazia, nyuki. Alikuwa ananisikiliza kama mtu mzima anavyomsikiliza mtu mzima, na mimi nilivimba kwa raha. Mwisho akanirudishia kioo, akasema, "Usimwambie mtu. Hasa Bibi. Hii ni mali ya ukoo, mpwa wangu, babu yetu alijenga kanisa hili. Bibi anaogopa tu."

"Mama atapata nyumba?"

"Ya ghorofa," akasema Mjomba, na najua alikuwa anamaanisha.

Alirudi siku Bibi alipokwenda msibani Chole, kijiji cha pili. Alikuja mchana kweupe na wanaume wawili na kidude kama pasi kilichofungwa kwenye fimbo, kinacholia kikikuta chuma. Alimwambia mwinjilisti kwamba maji ya mvua yanasimama kwenye msingi, amekuja kumchimbia mama yake mtaro. Mwinjilisti alishukuru sana. Aliwapelekea chai.

Kidude kilipita pembeni mwa ukuta, kimya, kimya, kikafika kwenye mguu wa nguzo iliyo karibu na mlango uliozibwa, kikalia. Mimi na Zaituni tulikuwa kwenye mihogo. Alinishika mkono mpaka ukaniuma. Walichimba pale, kati ya nguzo na ukuta. Udongo ulikuwa mwekundu, wenye unyevu, na nilishangaa kwa sababu mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi. Wakatoa jembe la zamani lililooza mpini. Wakashangilia! Jembe ni alama pia, mmoja akasema. Wakaingia chini zaidi, mpaka nikaona mabega yao tu, na sasa walikuwa wanachimba kuelekea ndani, chini ya mawe yenyewe.

Kwanza nilisikia mchanga. Ulikuwa unatiririka mahali fulani ndani ya ukuta, ssss, kama mtu anamimina mchele. Kisha mlio mmoja mfupi, ting, kama glasi.

Zaituni ndiye aliyepiga kelele. Mimi sikuweza. Alipiga kelele jina la Mjomba, na Mjomba akatoka kwenye lile shimo kama panya, na wenzake nyuma yake, buti lake moja likabaki. Nguzo iliinama polepole, kwa adabu, kama mzee anayekaa chini. Halafu ukuta wote kutoka dirishani mpaka kwenye kona ukaifuata. Mabati yalilia. Vumbi lilipanda jeupe, likatupita, likatuachia ladha ya Bibi mdomoni.

Vumbi liliposhuka niliona ndani ya kanisa kutoka nje. Mabenchi, mimbari, pazia limening'inia kwenye msumari mmoja na ndege wake. Na niliuona ukuta ulivyokuwa. Haukuwa jiwe tupu. Ulikuwa na ngozi mbili za mawe, ya nje na ya ndani, na katikati ulijazwa udongo na kokoto. Ndivyo walivyojenga. Udongo ule ulikuwa tope. Mawe ya msingi yaliingia ardhini kina cha magoti yangu tu. Hapakuwa na gunia hata moja.

Bibi alirudi jioni ile. Habari zilimkuta njiani, kwa hiyo alifika hana haraka. Alisimama mbele ya lile lundo, akaokota jiwe moja, akaligeuza upande wa chokaa, akalirudisha palepale alipolitoa, kama linaweza kukaa vibaya.

Kesho yake wazee wa kanisa walikaa barazani kwa mwinjilisti. Bibi aliitwa. Mimi nilijificha nyuma ya tangi la maji.

"Mama," alisema mzee mmoja, Mzee Yeremia, na sauti yake haikuwa kali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Elia amefanya upumbavu, tumeuona. Ametoroka, tutampata. Lakini mafundi wamekuja kutazama wanasema ufa ulikuwapo kabla. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka juzi. Walipoziba nafasi za mawe kwa saruji kwa nje, unyevu ukakosa pa kutokea. Niliwaambia saruji haipatani na ukuta ule. Mkasema mimi ni mwanamke wa kufagia."

Mzee Yeremia akasema, "Na ukatuketisha chini yake. Mwaka mzima na zaidi. Na watoto wetu."

Bibi alikuwa na jibu kwa kila mtu siku zote. Nilisikia tu kanga ikikwaruza, anafungua fundo, inachukua muda, lilikuwa fundo la miaka. Halafu chuma kikagusa meza.

Tulirudi nyumbani. Alinawa mikono ingawa haikuwa na kitu. Nikamwuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakuwaambia. Akasema wangelivunja. Chokaa ile aliichoma baba yake mwenyewe, siku nyingi tanuruni, na mawe yalibebwa vichwani na watu wa hapahapa, wake kwa waume, Mjerumani amesimama na kamba yake ya kupimia. Watu wanasema ukuta wa Mjerumani, akasema, Mjerumani alibeba jiwe gani?

Na mlango? Mlango ulikuwa wa wale ambao hawajabatizwa. Zamani ukifika wakati wa meza ya Bwana, walitolewa kwa mlango ule, wakangoja nje bondeni. Mama yake Bibi alitolewa kwa mlango ule miaka na miaka, kwa sababu baba yake mzazi hakutaka abatizwe. Siku alipobaki ndani mara ya kwanza alilia mpaka ibada ikasimama. Baadaye ile desturi ilipokoma, baba yake Bibi akauziba kwa mikono yake. "Mama alimwomba auzibe," Bibi akasema. "Alisema asije mtu mwingine akatolewa."

Kwa hiyo huyo ndiye mama aliyekuwa anaambiwa angoje, pale ukutani. Nilikaa na maneno yale na kioo kikiwa ndani ya soksi yangu, na sikusema kitu. Hakuna aliyeniuliza. Watu wote walidhani Mjomba alishuku mwenyewe, kwa ule uongo wa nyuki. Mjomba hakunitaja, hata walipompata na kumpigisha magoti mbele ya wazee. Mpaka leo anafuga sungura, na mpaka leo hatujawahi kuzungumzia siku ile.

Kanisa walilivunja lote, wakajenga jipya la bloku, dari nyeupe, madirisha ya alumini, vigae vinavyoteleza. Zuri, sisemi. Mawe ya zamani waliyaweka kwenye msingi. Bibi alikaa benchi la tatu kama mtu yeyote. Ukimwamkia njiani ulisema shikamoo Bibi, basi.

Miaka imepita. Nikamaliza kidato cha nne, nikajifunza kusuka, nikapata kibaraza changu. Kioo nilikihamisha kutoka soksi kwenda kopo, kopo kwenda mkoba. Mwaka huu, waliposema Bibi hali chakula vizuri, nilikwenda nacho, nimekifunga kwenye kitambaa. Njia nzima nilikuwa najipanga namna ya kuanza.

Nilimkuta amelala kibarazani, mdogo kama mtoto, mikono imelainika. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umenenepa. Mume wetu angefurahi." Tukacheka. Nilimmenyea chungwa. Katikati ya chungwa, bila kunitazama, akasema, "Kile kioo changu unacho bado?"

Kisu kilinitoka.

"Ulijua?"

"Ukuta ukisogea, kioo kinakatika, vipande viwili vinabaki vimeshika, kimoja huku, kimoja huku. Ndiyo kazi yake, kukwambia umesogea. Baba alinifundisha. Sasa kile hakikubaki hata kipande. Ukuta hauibi kioo ukaenda nacho. Halafu kwenye chokaa palikuwa na alama za kucha. Ndogo."

"Kama ulijua ni mimi, ukuta haukusogea, mbona ulihamisha mabenchi?"

Alimeza chungwa lake kwanza.

"Watu nilikuwa nawaketisha pale kila Jumapili," alisema, "na silali vibaya. Nasema utashika, utashika mpaka nife. Siku ile nikaona kucha zako. Nikajua ulisimama pale chini yake, peke yako, unang'oa. Ndiyo siku niliyoanza kuogopa."

Nililia, mimi machozi yangu yako karibu. Na kwa kuwa nilikuwa tayari nalia, nikamaliza. "Bibi, na Mjomba nilimwambia mimi."

Akageuza kichwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona Bibi ameshangaa.

"Hilo," akasema, "hilo sikulijua."

Hakusema nimekusamehe, hakusema mwanaharamu wewe. Alitoa mkono nje ya shuka, kiganja juu. "Kilete."

Nikafungua kitambaa, nikamwekea. Alikipangusa kwa kidole gumba, akakiinua kidogo kwenye mwanga, doa la kijani likamkaa shavuni palepale lilipomkaa Zaituni. Kisha akavuta pindo la kanga yake, lile la ufunguo, akakifunga. Fundo lilikuwa lilelile, la kubana, la mtu ambaye hategemei kulifungua.

Baada ya mazishi Mama alinipa ile kanga. Alisema Bibi aliagiza iwe yangu, hakusema zaidi. Sasa iko kwenye sanduku hapa ndani, fundo lake bado limefungwa, na mimi nilivyo, nimeshaigeuza kila upande, namshuku hata marehemu. Sijui kama alinirudishia kioo au alikiweka huko kama wanavyoweka ushahidi. Jioni ile ya chokaa niliitoa tena. Pindo linanuka kama lile pipa la mafundi. Nilishika fundo, nikaweka kucha chini yake, zilezile kucha.

Nikaitoa mikono. Nikaikunja kanga, fundo likiwa juu.